Siku Nyakerario Alipopoteza Sauti

Kitendawili. Haya, sema "tega", usinitazame tu. Nina daraja: neno linapanda upande huu likiwa chungu, linashuka ng'ambo likiwa tamu. Ni nini hiyo? Umeshindwa. Basi nipe mji. Keroka? Asante, nimeenda Keroka, nimekula ndizi zao, nimelala kitandani kwa chifu, nimerudi. Jibu ni Nyakerario, mama yake Machogu, wa kule kwenye mashamba ya chai ya Nyamira.

Mjukuu wake Linda alikuwa kidato cha pili alipopata mimba. Mama yake alishazikwa zamani, na yule kijana aliyehusika alihamia Nairobi kwa mjomba wake upesi kuliko kuku aliyeona kisu. Baba yake, Machogu, alikuwepo, lakini kwetu Gusii kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya: baba hazungumzi na binti yake mambo ya tumbo. Kwa hiyo tumbo lilipoanza kuonekana, Machogu aliacha kabisa kuingia jikoni kwa mama yake, alikolala Linda. Akiwa na neno, alisimama kwenye migomba akakohoa, na Nyakerario akatoka kulichukua.

"Mama, mwambie huyo mtu wako aache kutafuna mawe ya sokoni. Yeye si kuku."

Nyakerario akarudi jikoni. "Baba yako anasema meno yako ni mazuri, uyatunze."

"Magokoro, nimemsikia," Linda akamwambia nyanya yake. "Migomba si ukuta."

Ulikuwa mchezo wa kuchekesha mpaka siku ya kliniki. Sista Lorna, nesi wa zahanati, alimpima Linda uzito, akagonga mizani, akampima tena.

"Nyanya, huyu hali?"

"Nampikia mboga za managu kwa maziwa, uji wa wimbi, mayai. Sahani inarudi kama ilivyoenda. Anayenenepa ni mimi."

"Linda, shida ni nini?"

Linda akatazama viatu vyake. "Nasikia baba ataniozesha kwa mzee Onyiego wa Marani. Chakula kikifika hapa kooni kinakwama."

Onyiego alikuwa mgane mwenye ng'ombe wengi na meno machache, na ni kweli alikuwa ameonekana akinywa chai kwa Machogu.

"Si nilikwambia baba yako atakurudisha shule?" Nyakerario akasema.

"Alisema hivyo?"

"Karibu hivyo."

"Karibu, magokoro?"

Nyakerario akajitia kufunga leso upya. Kila alipomwuliza Machogu jambo hilo, mwanawe alijibu "tutaona" akaenda zake kuchuma chai. Na hata siku hiyo angemletea Linda jibu zuri la kweli, nani angemwamini? Sukari aliyozoea kuyatia maneno ya watu ilikuwa imemharibia biashara.

"Mlete baba mwenyewe," Sista Lorna akasema. "Huyu ni mtoto aliyebeba mtoto. Asipokula, wataumia wote wawili. Jibu analolitaka ni dawa, na mimi kwenye kabati langu sina."

Machogu aliitwa, akaja na koti lake la kanisani. Alipoingia alikigeuza kiti kutazama ukuta, akakutana na picha ya mama anayenyonyesha. Akakigeuza upande wa pili, akakutana na tumbo la Linda. Mwishowe akatulia akitazama dirisha.

"Baba Linda," nesi akaanza, "msichana atajifungulia hospitali. Tumekubaliana?"

"Mama, mjibu sista kwamba tumekubali."

Nyakerario akashika shingo, ambayo aliizungushia skafu tangu asubuhi. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Mama, una nini?"

"Sauti," akanong'ona.

"Asubuhi si ulikuwa unamfokea ng'ombe?"

Nyakerario akaonyesha kidole juu, kana kwamba aliyeichukua ni Mungu.

"Basi wewe, sista, mwambie huyo msichana..."

"Mimi napima presha, mzee. Msichana ana masikio. Anauliza hivi: akishajifungua, anarudi shule ama anaenda Marani?"

Machogu akasafisha koo.

"Dirisha," akasema, "kuna watu wanaamini kila porojo ya sokoni."

Nyakerario akauma skafu asicheke. Ndipo akasikia sauti ndogo kando yake.

"Dirisha," Linda akasema, "Onyiego alikuja kufanya nini kwetu?"

"Dirisha, alikuja kununua ndama."

"Mbona aliondoka bila ndama?"

"Kwa sababu alipomaliza chai alitaja kitu kingine, nami nikamwonyesha njia ya Marani. Mzee mzima, hana haya."

"Na mbona hukuniambia?" Linda alikuwa amelisahau dirisha. "Mimi silali, sili, na wewe unasema tutaona."

Nyakerario alikuwa na maneno mazuri ya kuweka hapo katikati, maneno laini kama ndizi mbivu. Akayameza yote, na yalimwumiza kuliko mafua ya kweli.

"Ningesemaje?" Machogu akasema polepole. "Sikujua kama wewe mwenyewe bado unaitaka shule. Hayo baba anamwuliza nani?"

"Ananiuliza mimi. Naitaka."

Kiti kikalia sakafuni. Machogu akageuka, akamtazama binti yake usoni, bila kuthubutu kushusha macho chini ya kidevu.

"Basi mtoto tutamlea mimi na mama," akasema. "Wewe, Linda, utarudi shule."