Mti Uliopakwa Chokaa

Haya, shika kitendawili hiki, wala usikimbilie kunipa mji: mti wangu mkavu umepakwa chokaa, na waliopaka hawana ndoo wala brashi.

Ukishindwa si aibu. Nelda Teague, mama mzima wa miaka arubaini na mitatu, alihangaika na jambo la namna hiyo wiki tatu nzima kwa boti ya mashine, na kila jioni alirudi nyumbani amefura kama andazi.

Kazi yao, yeye na baba yake Rayburn, ilikuwa kuwapeleka wageni kuvua kambare katika ziwa la Pecan Fork, huko Texas. Mzee alikuwa ameifanya miaka thelathini na mmoja. Januari alimwambia bintiye, "Siku utakayowafikisha wageni kwa samaki bila mimi kunyoosha kidole, ufunguo wa boti ni wako." Mwishoni mwa Februari Nelda akaacha kazi yake ya duka la chakula cha mifugo. Sasa ilikuwa katikati ya Machi, vichaka vya ufukweni vimeanza kutoa maua kabla ya majani, maji bado yanauma vidole, na ufunguo ulikuwa ungali kifuani pa mzee, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Alikuwa akiuvua kwa kuwashia mashine tu, kisha anaurudisha shingoni.

Kilichomchosha Nelda hakikuwa baridi. Kilikuwa swali. Kutwa mzee ameketi mbele, mikono magotini, anauliza lilelile.

"Unaona nini?"

"Maji, baba."

"Maji ya namna gani?"

"Huku yametulia. Kule yana mawimbi, na ndege weupe wanapiga mbizi."

"Basi nenda kule."

Wakifika kule, samaki wapo. Na wageni wanampiga mzee mgongoni: "Rayburn, wewe huvui, wewe unawanusa!" Nelda amesimama na wavu mkononi, hakuna anayemtazama. Macho yake, sifa za mwingine.

Halafu lile koti. Krismasi mzee alimnunulia koti la rangi ya chungwa, kama la watengeneza barabara, akamkataza kukanyaga botini bila hilo. "Usalama," alisema. Hata siku za jua Nelda alikuwa anatoka jasho ndani yake, na vijana wa gatini wakimuuliza barabara itafunguliwa lini.

Siku hiyo wageni walikuwa Wade Pruitt na mkewe Corliss, watu wa mjini, mume mwenye maneno mengi na mke asiyekubali kushindwa. Upepo wa kaskazini ulikuwa mkali. Walitia nanga mahali pa kwanza, hakuna kitu. Pa pili, hakuna. Pa tatu, vipande vya chambo vilirudi kama vilivyoshuka.

"Mzee, hawa kambare wako wamehamia Meksiko?" Wade akauliza.

"Nyamaza, Wade," mkewe akasema. "Wanakusikia, ndiyo maana hawaji."

Rayburn akageuza kichwa. "Nelda, unaona nini?"

Hapo ndipo alipochoka. "Kila siku mimi, unaona nini, unaona nini! Wewe je, baba? Wewe unaona nini?"

Mzee akafunga zipu ya koti lake mpaka kidevuni. Mawimbi yakapiga ubao. Wade akajifanya anatafuta mkate wake.

"Nilitaka twende ng'ambo," Nelda akasema kwa sauti ya chini. "Alfajiri niliona ndege wengi wakitokea huko."

"Tunakwenda mdomoni mwa kijito. Kuna mti wa minandi, wale ndege weusi wala samaki, haujaniangusha miaka tisa."

"Lakini baba..."

"Ufunguo uko kwa nani?"

Nelda akauma meno, akashika usukani. Nusu saa ya kugongwa na mawimbi. Walipokaribia, mashine ikapunguza sauti, na mzee akainua kidevu, akatabasamu.

"Unauona? Mweupe kama shati la kanisani. Tia nanga chini yake."

Nelda akatazama. Akatazama tena. Palikuwa na kisiki tu, mti umevunjwa na dhoruba ya barafu ya Februari, mpasuko wake ungali wa manjano. Hata mnandi mmoja hakuwapo.

"Mti gani?" Corliss akauliza.

Kwanza Nelda alidhani ni mtihani mwingine. Lakini mzee hakuwa mtu wa mzaha kwenye mambo ya samaki, na tabasamu lake lilielekea pembeni kidogo ya kisiki, mahali penye mawingu matupu. Nelda akakumbuka asubuhi jinsi mzee alivyomimina kahawa, ncha ya kidole imezama ndani ya kikombe kupima ujazo.

Kuelewa hakukumpoza. Kulimwongezea. Wiki tatu! Angeweza kumwaibisha palepale, mbele ya watu, kwa maneno manne. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni.

"Siyo huu, mama," akamwambia Corliss. "Hapa tunapita tu."

"Nelda..." mzee akaanza.

"Kaa, baba. Shika ubao, nageuza."

Akageuza. Mzee akashika ubao. Suala la ufunguo hakulitaja.

Ng'ambo, ndani ya ghuba, miti mikavu ilikuwa imesimama majini, myeupe kutoka kileleni hadi chini, na minandi wamejaa juu kama matunda meusi. Harufu iliwafikia kabla ya kivuli.

"Mama yangu!" Wade akaziba pua. "Tunavua chini ya choo?"

"Ndiyo. Wanachoangusha hawa, kambare wanakisubiri huko chini, pamoja na samaki wanaowaponyoka. Tupa mshipi, bwana, pua utaiosha baadaye."

Sasa umejua rangi ile imetoka wapi.

Fimbo ya Corliss ikapinda mpaka ncha ikaingia majini. Wade akanyoosha mkono kusaidia.

"Gusa uone!" mkewe akamfokea.

Corliss alipigana na samaki wake mpaka kofia ikaanguka. Nelda akamwingiza wavuni, kambare wa buluu, tumbo kama mto wa kulalia. Mzee akapiga magoti, akampapasa taratibu kutoka kichwani hadi mkiani.

"Ratili arubaini."

Mizani ikasema arubaini na moja. Wakampiga picha, wakamrudisha majini.

"Rayburn!" Wade akapiga kelele. "Nilijua utawanusa tu!"

Nelda akainama kukunja wavu, amezoea.

"Mimi leo ni abiria," mzee akasema. "Mshukuruni nahodha."

Wageni walipoondoka, boti ikiwa imeshafungwa gatini, mzee alibaki akihangaika na fundo la kamba ya kiatu shingoni mwake. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nelda alisimama kwenye mbao, mikono mifukoni. Hakumsaidia.

"Wiki tatu nimejiona mjinga, baba."

"Najua."

Fundo likakubali. Akaunyoosha ufunguo mbele yake, na Nelda akauchukua, ungali na joto la kifua chake. Bado alikuwa na hasira.

"Asubuhi nilikuuliza swali."

Mzee akasugua paji la uso. Akamwelekea, ingawa si machoni kabisa.

"Naona koti lako," akasema. "Basi."