Mashua Iliyobaki Ziwani

Nahashon na mkewe Jerusha walioana Kenya, lakini maisha yao ya ndoa waliyaishi Doha. Mume alitunza mashua za matajiri, mke akasafisha vyumba katika hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd. Binti yao Stacy walimwacha kwa nyanya yake, Eldama Ravine.

Kati ya mashua alizotunza Nahashon, aliyoipenda zaidi ilikuwa ya mbao, mali ya mhandisi wa Kifini aitwaye Risto. Risto alipostaafu na kurudi kwao Ufini aliisafirisha mashua ile, akamwomba Nahashon aifuate. Mume na mke wakakubaliana: Nahashon atangulie, na mambo yakikaa sawa Jerusha amfuate pamoja na mtoto.

Nyumba ya Risto ilikuwa kando ya ziwa. Mwezi wa Desemba Nahashon alimpigia mkewe simu ya video. Jerusha alikuwa juu ya paa la nyumba ya wafanyakazi huko Al Rayyan, pembeni mwa Doha, akianika nguo juani. Kwenye simu hakuona ziwa, aliona uwanja mweupe na mashua moja katikati ya duara la maji meusi.

Nahashon alimweleza kwamba maji yakiganda hutanuka, yakaibana mashua mpaka mbao zinalia. Kibaya zaidi ni upepo, kwa sababu barafu ikimeguka husukumwa yote kwa pamoja na kuiponda mashua kwenye gati. Ndiyo maana chini ya maji kulikuwa na mashine ya kupuliza mapovu, ili mahali pale pasigande.

"Na wewe unatembea juu ya hayo maji?" Jerusha aliuliza.

"Kule mbali ni magumu kama lami. Karibu na mapovu ndiyo membamba, na huko sikanyagi, Mama Stacy. Napitia kwenye gati."

Januari ikaja dhoruba. Umeme ulipotea, mashine ikazimika, na maji ya kuizunguka mashua yakaanza kuganda. Risto na mkewe walikuwa mjini. Kulipokucha, Nahashon alichukua gongo refu akatoka kwenda kuivunja ile barafu mpya kabla haijawa nene. Jirani alimwona kwa dirisha akipiga, akisogea, akipiga tena. Gati lenyewe lilikuwa limefunikwa na barafu. Aliteleza. Walipomtoa majini, baridi ilikuwa imekwisha kummaliza.

Jerusha alipata habari akiwa anatandika kitanda cha mgeni. Aliketi juu ya kile kitanda, jambo ambalo wasafishaji hawaruhusiwi, na msimamizi wake aliingia, akamwona. Alifunga mlango tu.

Walimzika Eldama Ravine. Baada ya mazishi Jerusha alirudi Doha, kwa kuwa Stacy alikuwa bado anahitaji karo, na sasa mzazi alikuwa mmoja.

Mwezi wa Machi Risto alikuja Doha kumletea mkoba wa marehemu. Walikaa kwenye sebule ya hoteli, Jerusha akiwa na sare yake ya kazi. Mzee yule alilia bila kuficha uso. Alisema Nahashon alikuwa kama mwanawe. Alisema mashua haikupata hata mkwaruzo, na kwamba angependa kuipa jina la Nahashon.

Jerusha alimwacha amalize, kisha akamuuliza watu wengine wa ziwa lile huziweka wapi mashua zao wakati wa baridi.

"Huzitoa majini. Huja kreni kabla barafu haijaanza."

"Na yako?"

Risto aliangalia mikono yake. "Miezi ya kabla ya baridi ilikuwa mizuri. Nilitaka kusafiri nayo mara moja zaidi, halafu mara moja zaidi. Nilipomtafuta mwenye kreni, alikuwa amefunga kazi."

"Nahashon alijua?"

"Aliniambia tuitoe. Aliniambia mara nyingi."

Jerusha hakuinua sauti. "Usiipe jina lake," alisema. "Utakuwa unaliita jina hilo siku za raha zako, na mimi huku nikiliita hakuna wa kuitika."

Akachukua mkoba, akaondoka.

Siku hiyo Melissa, Mganda aliyeishi naye chumba kimoja, alimsaidia kuufungua. Ndani mlikuwa na suruali, sweta mbili na shati la buluu ambalo Nahashon alilivaa siku aliyoondoka Doha. Vyote vilikuwa vimekunjwa vizuri. Jerusha aliliweka shati usoni, akavuta pumzi. Akalinusa kola, akalinusa kwapani, akachukua sweta, kisha ile nyingine.

"Wamezifua," alimwambia Melissa.

Mke wa Risto alikuwa amezifua zote kwa wema wake, na hazikunukia chochote ila sabuni ya kwao.