Nusu Giga ya Mzee Stamen

Sisi watu wa Gabrovo, mji wa Bulgaria unaosifika kwa ubahili, ndio tunaosemwa kuwa tulikata paka mikia ili mlango ufungwe upesi, joto lisitoke. Kwa hiyo mtu asinilaumu kwamba nusu giga ile ilinikera.

Mzee Stamen, aliyeniachia seva ya maabara yetu ya kupima damu alipostaafu, alikuwa ametenga nusu giga ya kumbukumbu ya mashine isiguswe na programu yoyote. Kazi yake ilikuwa moja tu: seva ikianguka, mfumo mdogo uamke humo na kuandika kilichoiangusha. Miaka sita haukuandika hata herufi.

“Mzee, hiki ni chumba cha wageni wasiokuja,” nilimwambia siku ya kuagana.

“Kiache, Yoana. Mgeni wake hapigi hodi.”

Nikavumilia mwaka mmoja. Jumatano moja, majibu ya wagonjwa yalipoanza kuchelewa, nikaifuta nusu giga hiyo kwenye mipangilio. Amri yangu ingeanza kazi Ijumaa, nikishaiwasha seva upya.

Alhamisi saa nne asubuhi seva ikaanguka.

Mkurugenzi Hadzhiev hakuzungusha maneno. “Jana umegusa mipangilio, leo imekufa. Niambie kwa nini nisikufukuze.”

Seva ilipojiwasha yenyewe nikafungua diski, nikakuta faili jipya la saa nne na dakika mbili. Kumbe ilipoanguka ilikuwa bado haijawashwa upya, na nusu giga ilikuwa bado ipo. Mfumo mdogo ukaamka, ukaandika kila kitu: kosa ni la programu ya kadi ya mtandao, aliyoiweka mkandarasi mwezi uliopita. Baada ya hapo ndipo amri yangu ikatimia, nusu giga ikapotea.

Nililia, siwafichi. Nikairudisha siku hiyohiyo.

Jumamosi nikaenda kwa mzee na boksi la chokoleti, zile za bei. Kwetu aliyepata jambo jema ndiye anayewalisha wenzake.

“Umepata nini wewe? Mchumba?”

“Nimebaki kazini, mzee. Na nilikuwa nimeifuta.”

Akachagua chokoleti taratibu. “Mimi yangu niliifuta kule kiwandani nilikoanza kazi. Ila nikaiwasha seva upya palepale, na ilipoanguka hapakuandikwa hata herufi. Kwani unadhani kule walinifukuzia nini?”

Nikamsogezea boksi lote, nikamwambia asante, nikarudia tena.