Nafasi Nyuma ya Lydie

Papa Polycarpe wa Bagira aliwaambia majirani kwamba ski, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji, haikuanzia Ulaya hata kidogo. Ilianza na babu yake, siku aliposhuka mlima mzima amekalia pipa la kasiksi, akafika chini bila kumwaga tone la ile pombe ya ndizi.

"Nusu alikuwa ameinywa njiani," akaongeza, ili wasimwone mwongo.

Ski ilimwingia kichwani kwa ajili ya binti yake. Lydie alifanya kazi hotelini katika kijiji kidogo cha milima ya Alpi, ambacho hata Wazungu wengi hawakijui. Alituma video akiteremka kwenye theluji, katikati ya vijiti vya rangi vinavyoonyesha njia. Majirani walitazama theluji. Baba alitazama uso. Na chini ya video maneno yaleyale ya Kifaransa, kwamba yuko salama na anambusu baba: "Ça va, papa. Bisous." Kiswahili chake kilikuwa kimekonda kama kipande cha mwisho cha sabuni. Mzee aliogopa kwamba nyumbani nako kunamtoka hivyohivyo.

Asubuhi moja, mvua ilipokatika, alibandua ganda pana la mugomba, akalilaza kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Zamani waliteleza hapo wawili, Lydie mbele, baba nyuma amemkumbatia, wakipiga kelele watu wawapishe: "Batu mutoke!"

"Georgette, kamata simu, unipige video."

"Muzee, hiyo mifupa yako iko na miaka ngapi?" mkewe akauliza.

"Mifupa haikusoma. Haijue kuhesabu."

Jirani yao Willy akachungulia juu ya ua. "Papa Poly, tuite padri sasa, ao tungoje ufike chini?"

Mzee akajisukuma. Mwanzoni alifuata njia vizuri. Penye mpera alitaka kukata kona, lakini mugomba hauna usukani: akatoka njiani, akapita katikati ya maharagi ya Georgette, akazama kwenye matope mpaka masharubu.

"Lydie," akaiambia simu akihema, "hii ndiyo wanaita nje ya pisti, nje ya njia. Yako ingali hapa, mutoto wangu. Imeota maharagi kidogo tu."

Video ikaenda. Jibu halikuja. Willy alipouliza, mzee alisema wakubwa wa ski bado wanaijadili. Lakini kila simu ilipolia, alikuwa wa kwanza kufuta mikono.

Jumapili, wametoka misa, video yake ikafika. Lydie alikuwa mbali na vijiti vya rangi, kwenye theluji isiyokanyagwa, bila ski. Alikalia sinia kubwa la hotelini. "Batu mutoke!" akapaza sauti. "Mi na papa tunashuka!" Akateleza, akapinduka, akacheka.

Georgette alifuta macho. "Angalia, amekaa mbele kabisa ya sinia. Ndiyo maana ameanguka."

Papa Polycarpe aliisogelea simu. Aliona nyuma ya binti yake pameachwa wazi, panatosha mtu mzima.

"Rudisha," akasema. "Simamisha pale, kabla hajashuka."