Majina Yaliyofutika Mara Tatu

Kompyuta ilipojizima na kujiwasha tena, Shamso hakupiga kelele. Alivuta kiti nyuma, akaitazama skrini ikianza upya kana kwamba hakuna lililotokea, kisha akainuka akasimama mlangoni, mgongo kwa ule mtambo, kama mtu aliyegombana na mumewe.

Ilikuwa mwaka 1993, Eastleigh, Nairobi. Shamso alikuwa na chumba cha kupiga chapa nyuma ya duka la vitambaa la mumewe. Kwa miaka sita alifanya kazi na taipureta ambayo haikumsumbua hata siku moja. Akaiuza anunue kompyuta kuukuu, kwa ushauri wa Griffins, kijana wa mtaa wa Umoja aliyevaa tai hata Jumamosi na kujiita mtaalamu. Kila alipoikumbuka taipureta ile, meno yalimuuma.

Zamani alichapa barua za kuomba kazi na mikataba ya wafanyabiashara. Sasa vita vya Somalia vilikuwa vimeleta watu kwa maelfu, na kamati ya akina mama wa mtaa ilimpa kazi nyingine: orodha ya waliopotezana na jamaa zao njiani. Jina la anayetafuta, jina la anayetafutwa, alionekana mwisho wapi. Nakala ishirini zingepelekwa kambi ya wakimbizi na lori la kamati, Alhamisi, zibandikwe penye visima na penye foleni za unga.

Majina yalikuwa mia nne na kumi na mawili, na yalikuwa yamefutika mara tatu.

Mara ya kwanza ndiyo iliyomuumiza zaidi. Alikuwa akichapa watu wakisimulia, bila kuandika pembeni. Ikabidi awaite tena. Mama mmoja alimuuliza, "Mwanangu nimekutajia juzi. Amepotea tena?" Kuanzia siku hiyo Shamso aliandika kila kitu kwenye daftari kwanza.

Kila mara kisa kilikuwa kilekile. Alichapa kutwa nzima kompyuta ikitulia kama mtoto mwenye adabu, kisha alipotia disketi ili ahifadhi nakala ya yaliyomo ndani, mtambo ukazima. Griffins aliitwa, akaja na kisanduku chake cha disketi.

"Sasa, mathe. Hii ni virusi. Lazima tufute kila kitu ndani tuanze upya."

Naye alifuta. Mara tatu alifuta, mara tatu akaondoka akipanguza mikono, na mara tatu Shamso akabaki na skrini tupu.

Mzee Shire, aliyekuwa akimtafuta ndugu yake Mahad, alipita kila asubuhi. "Lori limeondoka?"

"Bado, mzee."

"Bado," alirudia mzee, bila ukali, na hilo ndilo lililomkera Shamso kuliko matusi.

Basi siku ile aliposimama mlangoni, alikuwa akiijaribu disketi tu baada ya kufutiwa mara ya tatu, na ndani alikuwamo mteja mmoja, mwanamke wa makamo aliyekuja kuchapisha barua ya kumwombea mpwa wake nafasi ya shule. Aliitwa Triza Nasike, fundi wa redio na televisheni wa Makongeni. Alikuwa ameinama, anaiangalia kompyuta kama daktari anavyomwangalia mtu aliyeanguka barabarani.

"Mama Anisa," aliita, kwa jina la binti wa Shamso kama walivyofanya wateja wote, "hebu rudia."

"Nirudie nini? Kufa?"

"Ndiyo. Tia disketi."

Shamso alirudi, akaitia kwa hasira. Disketi ikanguruma, skrini ikawa nyeusi.

"Imezima disketi ilipoanza kuzunguka tu," alisema Triza. "Hiyo si virusi, dada. Hiyo ni njaa ya umeme."

Kesho yake alirudi na mkoba wa vifaa. Alichomoa waya ukutani, akafungua mtambo, akatoa sanduku la bati lenye feni, linalogawa umeme. Ndani alionyesha vimkebe vidogo vilivyosimama kama askari. Vinne vilikuwa vimevimba vichwa, na kimoja kilitoa uchafu wa kahawia chini.

"Hizi ni kapasita. Umeme wa ukutani unapanda na kushuka. Kompyuta inataka uliotulia, kama maji ya mtungini. Hizi zinaweka akiba kidogo. Umeme ukishuka, zinajaza pengo. Zikikauka, umeme unafika na mawimbi yake. Ikiwa haina kazi kubwa, kompyuta inavumilia. Disketi ikianza kuzunguka inavuta kwa pupa, wimbi linazama, mtambo unazirai."

"Na Griffins amenifutia kazi mara tatu?"

"Mama Anisa, virusi na kapasita wapi na wapi?"

Triza alinunua kapasita nne mjini, akalehemu palepale juu ya meza ya vitambaa, na harufu ya risasi iliyoyeyuka ikaingia kwenye jora zote. Kompyuta ikahifadhi disketi mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Shamso akaanza orodha kwa mara ya nne, na kwa siku mbili alichapa kama aliyekimbizwa.

Jumanne, alipotia disketi kuhifadhi hadi jina la mia nne na tatu, ikazima.

Safari hii alipiga kelele. Mumewe alikuja mbio na futi mkononi, akidhani ni mwizi. Bahati mbaya Griffins alikuwa akipita, akasikia, akaingia akitabasamu.

"Si nilisema? Virusi haiondoki kwa kulehemu." Akaketi, akanyoosha mkono kwenye kibodi.

Shamso alichukua mkasi wa kukatia vitambaa. "Gusa hicho kitu uone."

Griffins akarudisha mkono.

Triza alipofika alisikiliza habari yote, kisha akajitukana kwa Kibukusu, lugha ya kwao. "Nimefanya kazi ya mwanafunzi. Niliangalia zilizovimba tu. Hizi mbili kubwa hazikuvimba, nikaziamini kwa sura."

Alitoa spika ndogo ya redio, akaifunga kwenye waya za umeme mdogo uliokwenda kwenye disketi, akipitishia kapasita nyingine ndogo. Akamwambia Shamso aweke sikio. Kulikuwa na mngurumo, vuuum, kama nyuki ndani ya chupa. Disketi ilipozunguka, mngurumo ukawa kama wa lori.

"Hayo ndiyo mawimbi," alisema Triza. "Umeme uliotulia hausemi kitu."

Griffins aliomba kusikiliza. Akasikiliza mara mbili, halafu akalegeza tai.

"Kuna mteja wangu kule Buruburu," alisema taratibu. "Nimemfutia mara nne."

Triza alikuwa akihesabu siku kwa vidole: kapasita kubwa za namna ile zilikuwa zimekwisha dukani, na muuzaji alikwisha kumwambia, siku aliponunua zile nne, arudi baada ya wiki mbili. Lori lilikuwa linaondoka keshokutwa.

"Wiki mbili!" Shamso alishika kichwa. "Mzee Shire nimwambie nini? Bado?"

"Nina masanduku ya bati kama hili matano kwangu," alisema Griffins. "Yaliyokufa. Yakifa mimi hubadilisha zima zima, lile la zamani natupa chini ya kitanda."

"Tangu saa ngapi umekaa hapo na hilo neno mdomoni?" aliuliza Shamso.

Aliyaleta Jumatano asubuhi kwenye gunia. Triza alipima moja baada ya jingine. Matatu yalikuwa na kapasita kubwa zilizochoka. La nne lilikuwa limeungua. La tano lilikuwa limekufa kwa sababu nyingine, na kubwa zake mbili zilikuwa nzima. Kabla ya kushika zile mbovu za Shamso aligusisha waya za balbu kwenye miguu ya kapasita hizo. Balbu ikamweka mara moja kisha ikafa, na Griffins akaruka nyuma.

"Umechomoa ukutani na bado una moto?"

"Akiba nilikwambia. Ukiweka kidole hapo utaingia kwenye orodha ya Mama Anisa."

Aligeuza kila kapasita mara mbili kuhakikisha upande wa hasi, akalehemu, kisha akaongeza mbili ndogo kando ya zile nne za juzi. Walipowasha, spika ilitoa mlio mwembamba, karibu hausikiki. Disketi ikazunguka. Mlio haukubadilika. Shamso alihifadhi, akatoa disketi, akairudisha, akaifungua. Majina yote aliyochapa yalikuwepo, kuanzia la kwanza. Aliinamisha kichwa kwenye meza, na Triza akajifanya anakunja waya.

Alimalizia majina tisa yaliyobaki. Printa ilinguruma hadi magharibi, wino wa utepe ukififia hata nakala tatu za mwisho zikawa za kijivu. Shamso alilalamika kwa kila ukurasa. Griffins ndiye aliyechana karatasi na kuzipanga, bila kuambiwa.

Lori lilirudi baada ya wiki tatu na nakala moja iliyowekwa alama za penseli penye majina ya waliopatikana. Watu walijaa hadi barabarani. Shamso alipanda juu ya stuli akasoma majina thelathini na moja, kwa sauti, kila moja na mahali alipo. Yule mama wa mara ya kwanza alimtaka arudie la mwanawe. Alirudia. Akamtaka arudie tena, naye akarudia.

Mahad hakuwemo. Mzee Shire alingoja hadi watu wapungue, akamkaribia.

"Lori linaenda tena lini?"

"Mwezi ujao, mzee."

"Basi niandike tena. Na uongeze kwamba mguu wa kushoto anachechemea. Wasije wakaniletea mwingine."

Shamso aliingia ndani, akawasha kompyuta, akaandika hilo la mguu.