Punje Moja ya Makebuko

Amani iliporudi nchini kwao, Ursula aliondoka Tanzania alikokulia ukimbizini, akapata kazi kwenye shamba la majaribio huko Makebuko. Hapo walichavusha ngano kwa chavua ya ngano mwitu, wapate mbegu isiyoshikwa na kutu, ugonjwa wa majani ya ngano. Mimea chotara iliota mirefu, ya rangi ya moshi, ikiyumba ukunguni kama iko usingizini. Lakini kila suke alilolipukusa lilikuwa tupu.

"Ni tasa, dada Ursula," alisema msimamizi, mzee Nazario wa Gashoho. "Jumatatu tunang'oa."

"Niachie mstari mmoja, mzee. Niujaribu kwa chavua ya ngano ya kawaida."

Nazario aliguna, akakubali.

Asubuhi baada ya asubuhi Ursula aligusa ua baada ya ua, polepole, mpaka akawa hajui kama yuko macho au anaota.

Siku ya kuvuna, masuke yote yalitoa makapi, isipokuwa moja. Ndani yake kidole chake kiligusa kitu kigumu: punje nyembamba, iliyokunjamana.

Nazario alivua kofia. "Itaota?"

"Sijui, mzee."

Waliipanda kwenye kopo. Siku ya tisa likachomoza jani jembamba, na Ursula akalia kimya kimya, huku anatabasamu.