Kengele ya Tansy

Kengele ililia jikoni mara moja, kidogo tu, kukiwa bado giza. Nilijua ni Tansy, kwa kengele ya shingoni mwake. Mbwa wa miaka kumi na mitatu, masikio yamepungua nguvu, macho yana ukungu, lakini siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda feasanti haijawahi kumpita akiwa usingizini. Hakuna aliyemwambia. Labda aliviona viatu vyangu vya shambani mlangoni. Labda ni harufu ya mafuta ya bunduki.

Kando ya viatu palikuwa na begi langu. Saa sita mchana kaka yangu Darrin angenipitia na pikapu yake tuelekee Dakota, safari ya zaidi ya mchana mzima, tukawinde huko siku tano.

Dakota nimeitamani tangu nikiwa na umri wa binti yangu Nell, miaka saba. Baba alikuwa akituhadithia: unafika mwisho wa shamba la mahindi, na feasanti, wale kuku wa porini wenye mikia mirefu, wanainuka mia kwa mpigo, mpaka hujui umtazame yupi. Kila mwaka aliahidi kunipeleka mwakani. Mara kulikuwa na mavuno ya viazisukari, mara trekta limekufa, na mwisho ulikuwa moyo wake. Aliniachia bunduki, kengele ya shaba, na Tansy aliyekuwa ndiyo kwanza anaijua kazi.

Hapa kwetu Michigan feasanti wamebaki wa kuhesabu. Nyasi zimelimwa mpaka ukingoni mwa barabara. Nyuma ya nyumba umebaki mtaro mmoja wenye matete, ambao Baba alikataa katakata kuulima, na ndani yake jogoo mmoja wa feasanti tuliyemsikia akiwika tangu theluji ilipoyeyuka. Darrin hunicheka sana kwa ajili yake. Wiki ile aliniuliza kwenye simu kama huyo jogoo wangu ana jina, na kama nimeshamwandikisha shule. Kisha akasema Tansy abaki na mume wangu Wes, maana mashamba ya huko ni mapana na mbwa mzee hatayaweza. Hilo hakulisema kwa mzaha, nami nilijua ni kweli. Basi nikapanga hivi: asubuhi ni yangu na Tansy mtaroni, nimuage vizuri, mchana, Dakota.

Nell aliijua kanuni ya kengele kabla hajajua kusoma. Mbwa akiingia kwenye matete humwoni, unamsikia tu. Kengele ikilia, anatafuta. Ikinyamaza, amempata ndege na amesimama kama jiwe mbele yake. Hapo ndipo unaposogea, bunduki tayari, kwa kuwa ndege hatangoja.

Tuliingia mtaroni jua likiwa limepanda kidogo. Wes na Nell walibaki darajani, nyuma yangu kabisa, wamevaa kofia za rangi ya machungwa. Kengele ilikwenda mbele yangu polepole, nusu saa nzima. Kila Tansy alipovuka gogo niliisikia ikigonga ovyo, nikajua anajivuta. Nikamwambia moyoni, inatosha, bibi yangu, umefanya vya kutosha.

Kisha ikanyamaza.

Nilijua nguvu zimemwishia, amelala chini. Sikufikiri jingine hata kidogo. Niliikunja bunduki katikati kuifungua, nikatoa risasi zote mbili nikazitia mfukoni, nipate mikono ya kumbebea. Nikayatenga matete.

Tansy alikuwa amesimama. Mguu mmoja wa mbele juu, mkia umenyooka, anatetemeka mwili mzima. Hatua mbili mbele ya pua yake jogoo akafumuka kutoka kwenye nyasi, shingo ya kijani, mkia ule mrefu, akapita karibu na kichwa changu hata nikausikia upepo wa mabawa usoni. Nami nimeshika bunduki tupu kama mtu aliyeshika mwavuli.

Tansy hakumtazama jogoo. Alinitazama mimi. Mlio wa bunduki angeusikia hata yeye, na alikuwa akiungoja.

Darrin alifika saa sita kamili, mbwa wake wawili wakigombana nyuma ya pikapu. Nilimsimulia tukiwa ngazini. Alicheka mpaka akaketi.

"Ulitoa risasi," alisema. "Baba angekulaza nje."

"Najua."

Alipoona sijachukua begi, kicheko kikaisha. "Dadangu, kesho saa tano ungekuwa na majogoo watatu mkononi. Wewe, na shabaha yako hiyo. Unaelewa unachokiacha?"

"Naelewa."

"Kwa jogoo mmoja wa mtaroni."

"Mbwa alifanya kazi yake, Darrin. Mimi ndiye sikumwamini. Siwezi kuacha hiyo iwe ndiyo mara yake ya mwisho."

Darrin alimkuna Tansy nyuma ya masikio, akaahidi kumletea Nell unyoya wa mkia, akapanda pikapu. "Mwakani basi," alisema dirishani, neno lile lile la Baba, sijui kama alijisikia akilisema.

Nilisimama barabarani mpaka lori la viazisukari likapita na vumbi lake na pikapu haikuonekana tena. Sitadanganya kwamba nilitulia. Nilitaka kukimbia niifuate. Nilijua kila mji atakaoupita na saa atakayoupita, kwa sababu nimeisafiri njia ile kwenye ramani tangu utotoni.

Jioni nilifungua mezani daftari la masomo ninayoyachukua chuoni usiku, baada ya wiki mbili tuna mtihani, lakini macho yalikuwa kwenye mistari na mimi nilikuwa kwenye mahindi ya Dakota, wale mia wakiinuka. Wes alikuwa akimenya viazi. Nell alikuwa chini ya meza na Tansy, aliyekuwa akijiramba miguu, na kengele ikilia kidogo kidogo kwa kila mrambo.

Nje, upande wa mtaro, jogoo akawika mara mbili kwa ile sauti yake kavu, kama wanavyowika kabla ya kulala.

Nikaweka kalamu chini.

"Mama," Nell alisema kutoka chini ya meza, "kengele imenyamaza. Tansy ameinua kichwa, anautazama mlango."